Gunia Si Kipimo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Malengo ya Mradi Wetu wa Programu Huria

Tunatengeneza programu ndogo ya simu kwa ajili ya vituo vya kukusanyia maziwa. Karani anapokea maziwa ya kila mfugaji, anaandika lita, na mwisho wa mwezi programu inajumlisha nani anadai kiasi gani. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake (maagizo yanayoiendesha), kuubadili na kuugawa. Wengi wetu tuko Mbeya mjini na Rungwe, wachache Iringa na Njombe. Maswali haya yameulizwa na wachangiaji wapya, wanafunzi na makarani. Moja liliulizwa na afisa ushirika aliyetaka kujua "hawa vijana wanapimwa na nani".

Kama watu wanajitolea, malengo ya nini? Si kila mtu afanye anachopenda?

Swali lako lina ushahidi upande wake. Linus Torvalds alipoitangaza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, tarehe 25 Agosti 1991 alisema ni kazi ya kujifurahisha tu, wala hakuwa na jedwali la malengo. Lakini angalia alichokuwa nacho: kompyuta ilikuwa mezani kwake, na mtumiaji wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Kitu kikiharibika, alijua papo hapo.

Sisi si makarani wa maziwa. Anayeandika msimbo amekaa Soweto, Mbeya mjini, ana umeme na chai ya maziwa pembeni. Anayeutumia yuko mlimani Rungwe saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujapanda, mikono imelowa, na mbele yake kuna foleni ya watu wenye ndoo wanaotaka kuwahi shamba. Umbali huo ndio unaotulazimisha kuandika malengo. Mwaka wa kwanza kila mtu alifanya alichopenda. Tukamaliza mwaka tukiwa na mitindo mitatu mizuri ya rangi, na hakuna njia ya kusahihisha lita zilizoandikwa kimakosa.

Lengo linalopimika ni lipi hasa?

Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, pale Isyonje utaona magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara, mengine yameongezewa kofia juu na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Muuzaji anasema "gunia moja", mnunuzi naye anasema "gunia moja", na kila mmoja ana gunia lake kichwani. Anayeumia ni mkulima. Wakala wa Vipimo hawana ugomvi na gunia. Wanachokataa ni kuligeuza gunia kuwa kipimo. Kipimo ni kilo, na gunia lisizidi kilo 100.

Lengo la "kuiboresha programu kwa ajili ya wafugaji" ni lumbesa. Unaweza kulishindilia chochote: ukibadilisha rangi ya kitufe umeboresha, ukihamisha menyu umeboresha, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kukwambia hukufika, kwa sababu hakuna palipoandikwa pa kufika.

Tunatumia jaribio moja tu. Mtu asiyetupenda akilisoma lengo siku ya mwisho na kusema "hamjafika", je, tutakuwa na pa kujificha? Kama papo, tunaliandika upya.

Nipeni mfano, msinipe nadharia.

Lengo letu la kwanza lilisomeka hivi: "Programu iwe rahisi kutumia." Hili hapa lililochukua nafasi yake:

*Ifikapo 30 Juni, karani ambaye hajawahi kuiona programu aweze kuandika maziwa ya wafugaji 20 mfululizo, kwa simu ya Android yenye RAM ya GB 2, bila intaneti, kwa muda usiozidi ule anaoutumia kwenye daftari la karatasi, na jumla ya lita ilingane na ya daftari. Tutawajaribu makarani 5 kutoka vituo 3. Wanne wakifaulu, tumefika.*

Ni refu, najua. Lakini kila kipande kina sababu. "Hajawahi kuiona" kiliingia kwa sababu tulizoea kumjaribu karani yuleyule rafiki yetu, ambaye kwa sasa anaijua programu kuliko baadhi yetu. "Bila intaneti" kiliingia kwa sababu kuna vituo ambavyo mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu fulani. Na "wanne kati ya watano" ni kukubali mapema kwamba mmoja anaweza kuwa na siku mbaya.

Kipande kilichotusumbua zaidi ni kile cha daftari. Ili useme "kwa muda usiozidi wa daftari", lazima kwanza ujue daftari linachukua muda gani, na hilo hatukuwa tumelipima. Tulidhani simu itashinda kwa mbali. Tulipokwenda na saa mkononi, daftari lilitupiga vibaya. Karani anawajua wafugaji wake kwa namba, orodha iko katika mpangilio uleule kila siku, anateremsha kidole na kuandika. Programu yetu ilimtaka atafute kwa jina. Sasa nenda Rungwe ukaandike "Mwa" kwenye kisanduku cha kutafutia, uone orodha inavyoshuka: Mwakalinga, Mwakasege, Mwakyusa, kijiji kizima. Tuliondoa utafutaji kwa jina ukurasa wa mbele, tukaweka namba. Badiliko hilo halikuwa kwenye mpango wowote, na bila kupima pa kuanzia tusingeliona.

Nyota ambazo watu huipa miradi kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, na idadi ya wachangiaji si vipimo tosha?

Ni vipimo rahisi kusoma, na hapo ndipo vinapoponza watu. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliligusia jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu ukianza kutumiwa kudhibiti mambo, huvunjika. Kwa lugha ya sokoni Mwanjelwa, ukiwaambia watu unalipa kwa idadi ya magunia, magunia yatakuwa mengi na madogo. Mnunuzi naye akilipa kwa gunia bila kulipima, atadai lishonewe kofia.

Ulimwengu wa programu huria uliliona hili waziwazi Oktoba 2020. Kampuni ya DigitalOcean ilikuwa imeanzisha Hacktoberfest mwaka 2014, na aliyetuma maombi manne ya kuingiza msimbo kwenye miradi huria ndani ya Oktoba aliahidiwa fulana. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 2020 miradi ilifurikwa na maombi ya ovyo: mtu anaongeza neno moja la sifa kwenye faili la maelezo, anahesabu moja. Wasimamizi walishinda wakifuta takataka badala ya kutengeneza programu. Siku chache baada ya Oktoba kuanza, waandaaji wakabadili kanuni ili mradi ushiriki kwa kuomba wenyewe.

Idadi ilipanda, kazi haikupanda. Kwa hiyo sisi nyota hatuzihesabu. Mmoja wetu anazihesabu kimyakimya, tunamwacha.

Basi nipime nini upande wa jamii ya wachangiaji?

Kile ambacho mgeni anakisikia mwilini. Kwetu ni muda wa jibu la kwanza: mtu akileta tiketi (taarifa ya tatizo au ombi) au msimbo, anakaa siku ngapi bila binadamu yeyote kumjibu? Lengo letu ni siku 3, kwa tiketi 9 kati ya 10. Sijasema tiketi itatuliwe ndani ya siku 3. Ijibiwe, hata kwa "tumeiona, tutaitazama Jumamosi". Mpiga hodi akiitikiwa "karibu" anaweza kusubiri mlangoni. Asipoitikiwa anaondoka, na harudi.

Ukitaka orodha ndefu ya vipimo vya namna hii, mradi wa CHAOSS ulio chini ya Linux Foundation umekuwa ukivikusanya na kuvieleza tangu 2017. Chagua viwili. Ukichukua vyote utakuwa mtakwimu, siyo mtengeneza programu.

Mbona lengo lenu moja linahusu watu badala ya programu?

Unazungumzia hili: *ifikapo 31 Desemba, watu 3 wawe wametoa toleo jipya, kila mmoja peke yake, bila kumpigia simu yeyote.*

Wenzetu wa nje wana kipimo wanachokitaja kwa mfano wa basi: ni watu wangapi wakigongwa na basi mradi unakufa? Sisi tunaopita mara kwa mara Kitonga, mlima wenye ajali za barabarani, mfano huo hatuupendi, kwa hiyo tunasema "wakipata ajira Dodoma". Jibu letu lilikuwa mtu mmoja. Nywila, funguo za kusaini toleo, na akaunti ya duka la programu, vyote vilikuwa kwenye kompyuta moja ya mkononi ambayo betri yake haikai hata saa moja.

Kama unadhani hilo ni tatizo la miradi midogo, kumbuka xz. Ni programu ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani, na kwa miaka ilibebwa na mtu mmoja aliyejitolea. Alichoka, akasukumwa na watu mtandaoni kwamba anachelewesha kazi, akampa nafasi msaidizi aliyeonekana mchapakazi. Tarehe 29 Machi 2024 ikatangazwa kwamba ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kulipuuza.

Nusu sekunde! Angekuwa hapimi, asingeiona.

Kipi kitangulie: tarehe au ubora?

Inategemea anayesubiri ni nani. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, walichagua tarehe: toleo kila miezi 6, Aprili na Oktoba, tangu Oktoba 2004. Ambacho hakiko tayari kinasubiri basi linalofuata. Debian, mfumo mwingine wa Linux, walichagua ubora: toleo linatoka likiwa tayari, na "tayari" wameipa kipimo, yaani idadi ya hitilafu ambazo kwa kanuni zao zinazuia toleo kutoka. Kipimo kizuri, lakini kina gharama. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, iliyofuata ikatoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Siku hizi wana kalenda ya kufunga milango kwa mabadiliko makubwa, na matoleo yamezoea mwendo wa takriban miaka miwili. Ubuntu nao waliwahi kuivunja tarehe yao: toleo lao la kwanza la kudumu kwa muda mrefu lilikuwa la Aprili 2006, likasogezwa hadi Juni ili lisafishwe vizuri, ndiyo maana linaitwa 6.06, yaani mwaka 2006, mwezi wa 6.

Sisi tunakwenda na tarehe, na tarehe zetu zinafuata mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara za vijijini Rungwe zinateleza, na toleo lenye hitilafu linalotoka Februari maana yake ni mtu kupanda bodaboda kwenye tope kwenda kurekebisha simu moja. Kwa hiyo toleo kubwa linatoka Juni. Masika ni ya marekebisho madogo tu. Ukimweleza hivyo mchangiaji aliyeko Ujerumani anacheka, lakini anaelewa.

Mnapimaje matumizi bila kuwapeleleza wafugaji?

Kwa miguu, mara nyingi. Tungeweza kuweka kipande cha msimbo kinachotuma kila kitu kwetu kimyakimya. Tumekataa, na si kwa uungwana peke yake. Jina la mfugaji, namba yake ya simu na malipo yake ya mwezi ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kama kipimo chako kinakulazimu kujua Mama fulani analipwa kiasi gani, badili kipimo.

Tulichoweka ni kitufe cha "Tuma ripoti". Karani anakibonyeza mwenyewe, anaona kwenye kioo kitakachotumwa kabla hakijaondoka, nacho ni hesabu tupu: siku ngapi programu imetumika, masahihisho mangapi yamefanyika, imezimika yenyewe mara ngapi. Wasiokibonyeza hatuwajui, na kwenye taarifa zetu tunaandika hivyo. Kisha kila robo mwaka wawili wetu wanakwenda kukaa kituoni asubuhi mbili, na kulinganisha simu na daftari. Daftari lingalipo, ndiyo. Karani akiacha kuliandika kwa hiari yake, bila sisi kumshauri, hapo nitaamini tumefika. Hilo bado hatujaliandika kama lengo kwa sababu nina hofu watu wataanza kuyaficha madaftari.

Tafsiri ya Kiswahili imefika asilimia 100. Lengo limetimia?

Asilimia hiyo inahesabu mistari iliyojazwa, haihesabu mistari iliyoeleweka. Kazi ya kuleta Kiswahili kwenye programu huria ina historia hapa nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kwa hiyo hatuwezi kusema Kiswahili hakina maneno. Shida yetu ilikuwa kuchagua maneno ya kamusi mahali ambapo kituo tayari kina maneno yake. Kwa maziwa yaliyoshindwa kipimo cha ubora, cha laktomita au cha alkoholi, sisi tuliandika "shehena isiyokidhi viwango". Karani mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza: "Mwanangu, hii ndiyo yaliyokataliwa?" Ndiyo, mama. Ndiyo yaliyokataliwa. Tukaandika "Yaliyokataliwa".

Kipimo cha tafsiri sasa ni hiki: tunamwonyesha karani maneno 15 ya kwenye vitufe, moja moja, naye anatuambia kila kimoja kitafanya nini kabla hajakibonyeza. Apate 13.

Malengo mangapi kwa mwaka?

Matatu. Tuliwahi kuwa na kumi na moja.

Mnatumia ile SMART ya kwenye semina?

Hatuikatai. George T. Doran aliiandika mwaka 1981 kwa mameneja wa makampuni, na herufi zake tano (lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mhusika, liwezekane, liwe na muda) bado zina akili. Ila kwa mradi wa kujitolea kuna jambo moja haikutazamia: huna wa kumwamuru. Meneja akiweka lengo, kesho anampangia mtu kazi. Mimi nikiweka lengo, kesho namwomba. Kwa sababu hiyo kila lengo letu lina jina la mtu aliyesema "nitalibeba mimi" mbele ya wenzake. Lengo lisilo na wa kulibeba linahamia kwenye orodha ya ndoto, na huko halipimwi wala halimsuti mtu.

Mfadhili anataka "idadi ya wakulima waliofikiwa". Tumjibuje?

Mpe, lakini mweleze umehesabu nini. Aliyesajiliwa na karani siku ya maonyesho ya Nane Nane kisha hakuleta maziwa hata siku moja, je, amefikiwa? Sisi tunahesabu mfugaji ambaye malipo yake ya mwezi yalikokotolewa na programu na hayakubishaniwa. Idadi inakuwa ndogo kuliko ya wenzetu, na tumewahi kukosa ruzuku kwa hilo. Iliuma. Tumebaki nayo.

Sisi ni AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa Mbozi. Tunaweza kuchukua programu na malengo yenu?

Programu chukueni, leseni inawaruhusu, wala hamhitaji barua ya kuomba. Malengo msichukue. Maziwa yanakuja kila siku mwaka mzima, hivyo tukikosea Jumatatu tunapima tena Jumanne. Kahawa ina msimu. Jaribio lenu la makarani lifanyike kabla ya mavuno hayajaanza, la sivyo mtasubiri mwaka mwingine. Tena nyie mna madaraja na malipo yanayokuja kwa awamu, hivyo kosa ambalo kwetu linaonekana mwisho wa mwezi, kwenu linaweza kuibuka baada ya miezi. Ningekuwa kwenu ningeanza na lengo moja tu: mkulima aweze kuonyeshwa, kwa kila kilo aliyoleta, iliingia siku gani na ikalipwa awamu ipi.

Mimi ni mwanafunzi pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), ninataka kuchangia kama mradi wa mwaka wa mwisho. Msimamizi anataka malengo.

Karibu. Chagua moja ya malengo yetu matatu, kata kipande kinachomalizika ndani ya muhula, na upime hali ilivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Wanafunzi wengi hupima mwishoni tu, kisha wanakosa cha kulinganisha nacho. Vivyo hivyo kwa walioko vyuo vya Iringa.

Lengo likishindikana mnafanyaje?

Tunaandika "halijafikiwa", tarehe, na sentensi mbili za sababu. Hatulisogezi mbele kimyakimya. Mradi wa programu huria wa GNU ulianza kutengeneza kiini chake cha mfumo, Hurd, mwaka 1990, na hadi leo hakijafika toleo 1.0. Kwa miaka mingi watu wanaotumia programu za GNU wameziendesha juu ya Linux. Si aibu, lakini ni somo kuhusu lengo lisilo na siku ya kuulizwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ubuntu. Agosti 2004 Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, aliiandika hitilafu namba 1 ya mradi: kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Lengo zima la mradi likawa limekaa kwenye orodha ileile ya hitilafu za kawaida, wazi kwa kila mtu. Mei 2013 aliifunga yeye mwenyewe. Kompyuta za mezani zilikuwa bado za Microsoft kwa wingi, ila simu na tableti zilikuwa zimebadilisha soko lenyewe, na Ubuntu haikuwa sababu kuu. Wengine walilalamika kwamba ameifunga kwa ujanja. Labda. Lakini ilifungwa hadharani, kwa maelezo, na walalamikaji walikuwa na mahali pa kulalamikia.

Nimeona lengo lenu moja halijapimwa tangu Machi. Nifanyeje?

Fungua tiketi, andika ni lengo lipi na tarehe ya mwisho uliyoiona. Tusipokujibu ndani ya siku 3, fungua ya pili kuhusu lengo la siku 3.